Wadudu Wawili Ambao Sikuwaona

Skola mwanangu,

Tulifundishwa shuleni kwamba barua huanza kwa kusema mimi ni mzima wa afya, nikitumaini nawe u mzima pia. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili na mara mbili nimechana karatasi, kwa sababu leo mimi si mzima. Tangu tulipomaliza kula mchana nimekaa, nimeinuka, nimefagia ua ambao uliufagia mwenyewe asubuhi, nimerudi nimekaa tena. Wewe uko Matogoro kwa shangazi yako Gaudensia, umekwenda kumuaga, na basi lako la Dar linaondoka kesho alfajiri. Nina jambo la kukueleza ambalo nimelikalia miaka tisa, na nimejiachia saa chache tu za kulieleza.

Habari za kulinda begi, kutopokea chakula cha watu njiani, kwenda misa na kutochelewa kazini sitaziandika. Shangazi yako anakueleza hayo sasa hivi, na namjua dada yangu, hata ukikubali kila kitu haachi. Mimi nitaandika yale ambayo yeye hayajui. Hakuna anayeyajua.

Unakumbuka Jumapili iliyopita, tukila ugali na likolo, mboga zetu za majani, nilikuuliza kazi yako mpya hasa ni ipi. Nilikuuliza kwa majivuno kidogo. Miaka karibu thelathini nimeinamia hadubini katika maabara ya hospitali, nikadhani hakuna la kunieleza kuhusu damu ya mgonjwa.

"Baba, wewe ukipima unajua unachotafuta," ulisema. "Umeagizwa malaria, unatafuta malaria. Sisi hatutafuti kitu kimoja. Tunachukua damu, au maji ya uti wa mgongo, tunasoma vinasaba vyote vilivyomo. Vya mgonjwa mwenyewe ndivyo vingi, kompyuta inaviondoa. Vinavyobaki ndivyo tunavyoviuliza, wewe nani, umetoka wapi."

"Yaani mnabaki na wageni."

"Eeh, wageni. Awe kirusi, awe bakteria, hata yule ambaye hakuna daktari aliyemfikiria."

"Na msipomkuta mgeni?"

"Tunaandika hatukumwona."

"Daktari hakasiriki?"

"Anakasirika. Sasa tutafanyaje, Baba? Tumtungie?"

Ukacheka, ukamega tonge. Halafu ukasema kwamba mtaanza na sampuli za zamani za wagonjwa wa homa kutoka huku kwetu, zile zilizochukuliwa na watu wa utafiti miaka tisa iliyopita na kukaa kwenye friza Dar muda wote huo. Mtazisoma zote, kisha mtalinganisha jibu la mashine na jibu lililoandikwa hospitali siku mgonjwa alipopimwa. Ukasema, "Kwa hiyo nitakuwa nasoma mwandiko wako." Nikanawa mikono nikatoka nje. Ulidhani ni vidonda vyangu vya tumbo, ukaniletea maziwa. Niliyanywa.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, la sivyo nitazunguka mpaka urudi.

Mgonjwa wa kwetu akitoka maabara haulizwi kama ana malaria. Anaulizwa ana wadudu wangapi. Umekulia hapa Msamala, unajua. Jirani anasema mimi wamenikuta na wawili, mwenzake anajibu afadhali wewe, mimi nina saba, na wote wawili wanapewa pole kama inavyostahili. Aliyeambiwa hawakuonekana anarudi nyumbani kama mtu aliyekamatwa akidanganya. Mume anamwangalia, bosi anamwangalia. Homa anayo, kichwa kinamgonga, lakini hana idadi ya kumwonyesha mtu.

Nilipoanza kazi sikulijua hilo. Niliandika nilichokiona. Mwezi wangu wa kwanza alikuja mzee mmoja kutoka Namtumbo, amesafiri na homa yake tangu kabla ya jua kuchomoza, nikampa jibu kwamba hakuna wadudu. Akairudisha karatasi dirishani.

"Nimetoka Namtumbo kuja kuambiwa siumwi?"

"Mzee wangu, sijasema huumwi. Nimesema sijaona wadudu."

"Basi tazama tena. Labda macho yako yana matatizo."

Foleni nzima ikamuunga mkono. Mkuu wangu wa maabara wakati huo alikuwa mzee Mbawala, ambaye sasa ni marehemu. Akaichukua ile karatasi, akaandika wadudu wawili, akamrudishia mgonjwa kwa heshima zote na pole nyingi. Yule mzee akaondoka ameridhika. Mbawala akanieleza kwamba tabibu atampa dawa ya malaria hata tukiandika nini, kwa hiyo wawili hawamdhuru mtu na foleni inakwenda. "Usimpe watano," aliniambia. "Watano wanatisha. Wawili wanatosha."

Nilijifunza upesi. Usinifikirie kwamba niliandika wawili kila siku, wala kwamba niliandika bila kutazama. Nilitazama kila slaidi iliyopita mkononi mwangu. Wadudu wakiwapo niliwahesabu kwa haki. Ila wasipokuwapo, na mgonjwa anaungua kweli, na foleni imefika mlango wa nje, mkono wangu uliandika wawili wenyewe. Niliona ni wema. Nakwambia kweli, Skola, niliona ni wema, na hapo ndipo ninapojichukia zaidi, kwa sababu ingekuwa ni ubaya ningeushtukia. Tulifanya hivyo mimi na Mbawala, na nadhani na wengine katika maabara nyingine, ingawa siwezi kuwasemea. Nyumbani nilikuwa namsimulia mama yako. Tulicheka sana.

Sasa nimefika kwake, na nimeinuka tena. Nimekwenda jikoni nimeosha kikombe kilichokuwa safi.

Mama yako, Veridiana, alirudi kutoka Maposeni siku ya Jumatano. Alikuwa huko wiki mbili akimsaidia bibi yako, mama yangu, kuvuna mpunga wa bondeni, miguu ndani ya maji kutwa nzima, na jioni anapambana na panya ghalani. Alirudi na homa. Macho yalikuwa mekundu, na alilalamika mashavu ya miguu yanamuuma hata shuka likiyagusa. Alhamisi akaja hospitali peke yake kwa miguu, akapanga foleni kama wengine. Hakuwahi kukubali kupitishwa mlango wa nyuma eti kwa sababu ni mke wangu. Alipofika dirishani alikuwa anatetemeka na anatabasamu.

"Baba Skola, umeniona?"

"Nimekuona mama. Kaa pale kwenye benchi kwanza."

"Sikai. Mpunga umeanikwa nje kule na hizi mvua za mwisho hazieleweki. Nipe majibu nikachukue dawa."

Wiki ile vipimo vya haraka, vile vya kudondoshea damu na kusubiri mstari, vilikuwa vimetuishia, kwa hiyo tulikuwa kwenye slaidi. Nikaiandaa ya kwake, nikaitazama. Niliitazama haraka kuliko inavyotakiwa. Sikuona kitu.

"Mama, sioni wadudu."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Ngoja nimwambie tabibu akupime na mengine."

"Mengine yapi tena, nikeshe hapa? Niandikie hata wawili nikachukue dawa. Wengine si unawaandikia?"

Wanawake waliokuwa nyuma yake walicheka. Na mimi nikacheka. Nikaandika jina lake, miaka thelathini na nane, Msamala, wadudu wawili, nikagonga muhuri. Akaipokea karatasi akanikonyeza.

Alikunywa dawa mseto siku tatu bila kukosa dozi hata moja. Homa haikushuka. Siku ya nne macho yakawa ya njano, akaanza kuongea na watu ambao hawakuwapo chumbani, nikamlaza wodini. Tabibu wa zamu alikuwa kijana makini, sina neno naye. Alifungua daftari la matibabu la mama yako akasoma malaria, wadudu wawili, dawa amemaliza. Akasema malaria imempanda kichwani. Akaagiza dripu na sindano za malaria kali.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kitanda. Ilitosha niseme, tabibu, wale wadudu sikuwaona. Maneno manne. Angeanza kufikiria kitu kingine. Kabati la dawa lilikuwa hatua chache kutoka pale, na ndani yake mlikuwa na antibiotiki za kawaida kabisa, zile tunazowapa watu kila siku. Lakini alikuwapo muuguzi, alikuwapo mkuu wa wodi, na wote walikuwa wananiita mwalimu kwa jinsi nilivyokuwa nawafundisha vijana wao maabara. Nikajiambia nitamwita tabibu pembeni baadaye kidogo. Hiyo baadaye nikaisogeza mpaka jioni, na jioni nikaisogeza mpaka asubuhi. Siku ya sita mama yako alifariki.

La dirishani ningeweza kumsamehe mtu mwingine aliyelifanya. La pale kitandani nisingemsamehe mtu yeyote. Nilikuwa najua, na mke wangu alikuwa anaondoka mbele ya macho yangu, na nilikuwa nafikiria watanionaje.

Siku ile aliyolazwa walikuwapo wale watu wa utafiti, wakiomba damu kidogo kwa kila mgonjwa wa homa. Mama yako hakuwa na akili ya kusaini, nikasaini mimi kwa niaba yake. Damu niliitoa mimi mwenyewe, kichupa chenye kifuniko cha zambarau, nikabandika nambari, kikaingia kwenye boksi la barafu. Wakati ule sikufikiri lolote. Nilifikiri damu ikishafika Dar imekwenda.

Wewe ulikuwa kidato cha pili. Walikuleta kutoka shule ya bweni ukiwa bado na sare, moja kwa moja mpaka Maposeni. Baada ya mazishi, watu wakiwa wanakula, ulinifuata nyuma ya nyumba ya bibi yako.

"Baba, si ulimpima wewe?"

"Nilimpima."

"Ilikuwa malaria?"

"Ilimpanda kichwani."

Ukasema ungependa kusoma ili ujue kwa nini dawa hazikufanya kazi. Ulikuwa na miaka kumi na tano, uso umevimba kwa kulia. Nikakushika kichwa. Watu waliosikia wakasema mtoto huyu ana akili, na tangu siku ile kila hatua uliyopiga katika masomo ilitoka kwenye lile jibu langu. Diploma, digrii, mafunzo ya kusoma vinasaba, vyote. Nimekushangilia kila mahafali.

Tangu mama yako azikwe sijaandika mdudu ambaye sikumwona. Hata mmoja. Wenzangu hawajui sababu. Wananiita Mzee Hakuna, na wagonjwa wenye haraka wakiona niko dirishani mimi wanavuka barabara kwenda maabara binafsi wakapewe idadi. Nimetukanwa sana. Sikwambii haya ili uniongezee alama, nakwambia kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilidhani nikiishi hivyo muda wa kutosha lile la zamani litafutika. Halijafutika. Limekaa kwenye friza.

Kuna jingine, la mwaka jana, ulipokuwa mafunzoni pale pale kwetu. Mama mmoja wa sokoni alikupigia kelele kwa sababu ulimwandikia wadudu hawakuonekana. Ulikuja kwangu machozi yakikulenga. Na mimi, ambaye nilikuwa nimeacha miaka yote hiyo, nilitaka tu ule uso wako utulie, nikasema, "Ungemwandikia tu hata wawili."

"Baba, uliwahi kufanya hivyo?"

"Mimi hapana. Zamani watu walikuwa wanafanya."

Ulirudi kazini kwako. Nadhani hukuniamini. Nadhani pia uliamua kuniamini, maana wewe ni mtoto mwema, na nimeona tangu siku hiyo huniulizi tena habari za zamani za maabara.

Nimefikiria sana kazi unayokwenda kuifanya. Ulinieleza kwamba mashine yenu inaona mpaka inapitiliza, kwamba hata mkiweka maji matupu kwenye kichupa yanatoka majina ya vijidudu, wengine wametoka kwenye dawa za kupimia, wengine kwenye ngozi ya aliyechukua damu. Kwa hiyo kila mara mnapima na maji pembeni, mpate kujua mgeni yupi ameingia na mgonjwa na yupi mmemleta wenyewe. Nilipenda kusikia hivyo. Sisi hatukuwa na cha kutushtaki. Lakini nakujua na najua madaktari. Iko siku utakuwa na majina kumi kwenye kompyuta, hakuna hata moja linaloeleweka, na daktari yuko kwenye simu na mgonjwa wake yuko hoi, na sauti yake inakuomba jina moja. Ataomba vizuri. Pengine atakuwa mtu unayempenda. Mimi niliombwa vizuri kuliko mtu yeyote, kwa tabasamu na kukonyezwa. Sina la kukufundisha hapo zaidi ya kukwambia kwamba nilipompa alichoomba alishukuru, na ndiyo mara ya mwisho niliyomwona akiondoka kwa miguu yake.

Nimesimama tena. Jirani ameniuliza kama nimepoteza kitu uani. Nimemwambia kuku.

Ninachotaka sasa ni kigumu kukiandika. Ndani ya ile orodha ya sampuli utakutana na mwanamke wa miaka thelathini na nane, wa Msamala, wadudu wawili, amefariki. Majina hayatakuwapo, lakini wewe utamjua. Miaka ya karibuni nimesikia habari za homa ya mgunda, ile inayoletwa na mkojo wa panya kwenye maji na matope, macho mekundu, miguu inauma, halafu njano. Nilipozisikia mara ya kwanza nilikaa chini kwenye sakafu ya maabara. Kama ndiyo hiyo, basi dawa yake ilikuwa mle kabatini. Siku nyingine najiambia labda kilikuwa kirusi fulani kisicho na dawa hapa wala Dar, asingepona hata ningesema. Nimegundua kwamba naomba kiwe hicho. Naombea mama yako awe alikufa kwa ugonjwa usiotibika, ili mimi nipate usingizi. Huyo ndiye baba yako, Skola, na ni afadhali umjue kabla hujaenda mbali.

Na inawezekana mashine isione kitu. Damu imekaa sana, umeme unakatika, kichupa kinaharibika. Hapo nitabaki hivi hivi.

Usiisome sampuli hiyo wewe. Waeleze wakubwa zako mapema kwamba mgonjwa yule ni mama yako, waseme wao nani aishike. Lakini jibu likitoka, na wakiruhusu familia ijue, niambie kama lilivyo. Usipunguze kwa sababu ya uzee wangu, usisubiri nipate nafuu, usimtume shangazi yako. Nipigie simu useme.

Kuna barua ya pili, fupi, ninayoandika leo, na hiyo si yako. Ni ya mkuu wa hospitali, na nakala yake ni ya wanaoongoza utafiti wenu. Ndani yake nimesema kwamba katika miaka ile, kila panapoonekana wadudu wawili kwa mwandiko wangu wasipaamini, kwa sababu yapo majibu ya kweli na yapo niliyoandika bila kuona, na sasa siwezi kuyatenganisha. Nitaipeleka mwenyewe Jumatatu asubuhi. Wataamua watakavyoamua, nimebakiza miaka miwili kabla ya kustaafu na pengine sitaimaliza pale. Nilitaka uijue kabla ya wao. Mashine yenu ingewaonyesha tu kwamba majibu ya Songea hayalingani, wangeanza kuuliza, na wewe ungekuwa umekaa katikati na jina langu. Sitaki uwe wa kunifichua wala wa kunificha. Hiyo kazi ni yangu.

Sikuombi unisamehe leo. Ukisema leo utakuwa umesema kwa sababu begi liko mlangoni na kesho unaondoka. Wala sikuombi uendelee kuwa ulivyokuwa kwangu. Naogopa, nakiri. Nina mtoto mmoja, na nimeandika kurasa zote hizi nikijua kwamba mtoto huyo anaweza kupanda basi kesho bila kunipa mkono. Nilipima kati ya hilo na kukuacha ufanye kazi ya kweli juu ya uongo wangu, nikaona la pili litakuharibu wewe, la kwanza litaniumiza mimi tu.

Nilikuwa nimepanga kuichomeka bahasha hii ndani ya begi lako, chini ya kanga, uikute Dar. Mpaka sasa hivi, nikiandika mstari huu, nilikuwa bado nimepanga hivyo. Ningekuwa huku, wewe kule, ungesoma peke yako kwenye chumba usichokizoea, na mimi nisingeona uso wako. Nimesikia sauti yako, unamsalimia jirani pale njiani, na sijaipa barua hii hata mwisho unaofaa. Basi. Ukiingia nitakupa mkononi. Utakaa kwenye kiti hiki, mimi nitakaa hicho kingine, na utaisoma nikiwepo. Ukitaka kuuliza, uliza chochote, nitajibu. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani watasikia na wasikie. Na ukinyamaza, nitakaa.

Baba yako anayekupenda na aliyekukosea,

Ladislaus